Kora Alikuja Wiki Moja Mapema

Alhamisi asubuhi simu ililia nyumbani kwa Isser Plotkin, na mkewe Bryna, aliyekuwa jikoni akimenya viazi, akamsikia mumewe akisema "ndiyo" mara sita mfululizo. Katika miaka hamsini na mitatu ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akimwambia mtu yeyote ndiyo mara sita, sembuse Lazar Finkelman, msimamizi wa ibada katika sinagogi yao.

"Kuna nini?" akauliza.

"Rabi amekwenda Toronto, binti wa dada yake anaolewa Jumapili. Sabato hii neno la fungu la wiki nalitoa mimi."

"Wewe?"

"Kwani mimi sina mdomo?"

"Mdomo unao," Bryna akasema. "Huo sina wasiwasi nao."

Isser alikuwa amekwisha kuchukua fimbo yake, anakwenda huku na huku sebuleni kama kijana aliyeposa akakubaliwa. Nyonga yake mpya, aliyowekewa mwezi wa Aprili baada ya kuteleza kwenye barafu ya mwisho ya majira, ilimkumbusha kwamba ana miaka sabini na minane. Siku hiyo hakuisikiliza.

Mtu asiyemjua angeweza kuona jambo lenyewe ni dogo. Kila Sabato, baada ya fungu la wiki kusomwa kutoka kwenye gombo la Torati, mtu husimama akalizungumzia kwa muda wa dakika kumi na tano. Rabi akiwa safarini, kazi hiyo hufanywa na waumini kwa zamu. Kulikuwa na wakili, daktari wa macho, walimu wawili, na zaidi ya wote Gershon Adelman, profesa mstaafu wa historia, aliyeweza kusimama bila karatasi akazungumza hadi supu za watu zikapoa majumbani. Isser alikuwa fundi wa vioo. Kila dirisha la sinagogi ile ya Winnipeg, kubwa na dogo, alilitia kioo kwa mikono yake. Lakini zamu ya kuzungumza hakuwahi kupewa, ingawa aliomba mara tatu. Mara ya mwisho, miaka ishirini na miwili iliyopita, Profesa alimpiga begani mbele ya watu akasema, "Isser, wewe tutilie vioo, maneno tuachie sisi." Watu walicheka. Isser naye alicheka, akaenda na neno hilo nyumbani, akalitunza.

Aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne. Alipofika arobaini na mmoja alirudi darasani, majira matatu ya baridi, jioni baada ya kufunga duka, akiwa na vumbi la kioo kwenye nyusi, hadi akapata cheti. Cheti hicho kiko ukutani sebuleni, na kioo chake ni safi kuliko vyote alivyowahi kukata.

Kwa hiyo alijua maana ya simu ile. Akifanya vizuri, jina lake litaingia kwenye orodha ya zamu. Akivurunda, hakuna atakayemwita tena, na kwa umri wake hakuwa na miaka mingine ishirini na miwili ya kungojea.

Wala hakwenda mikono mitupu. Tangu siku chache kabla ya Pasaka, alipofungiwa nyumbani na nyonga, alikuwa akisoma fungu la kila wiki kwa simu na mjukuu wake Tali, anayesoma uuguzi huko Haifa. Tali alisoma, Isser akauliza. Tali akachoka, Isser akauliza tena. Daftari mbili zilijaa. Na fungu la wiki hii, kana kwamba lilimngojea, lilikuwa habari za Kora, yule aliyemkabili Musa mbele ya watu wote na kumwuliza kwa nini anajiinua juu ya kusanyiko, hadi ardhi ikafunguka ikammeza. Isser alikuwa na mengi ya kusema kuhusu watu wanaojiinua.

Aliandika Alhamisi yote na nusu ya Ijumaa. Zikawa kurasa tisa.

"Nisomee kidogo," Bryna akamwomba.

"Utasikia pamoja na watu."

"Mimi ni mkeo."

"Ndiyo maana. Ukianza kurekebisha, tutafika Sabato nina kurasa mbili."

Ijumaa, jua likiwa bado juu, alizipeleka kurasa zake sinagogini ndani ya bahasha aliyoifunga kwa gundi, maana siku ya Sabato hakubeba kitu njiani. Lazar Finkelman, mfamasia mstaafu mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine utosini, aliipokea akaipima mkononi.

"Hii ni hotuba au tofali?"

"Iweke kwenye mtoto wa meza ya kusomea. Usiifungue."

"Niifungue nipate nini? Kesho si nitafungwa nayo humu ndani."

Asubuhi ya Sabato walitembea mitaa minne chini ya miti ya mielmu, Isser na fimbo yake, Bryna na kofia yake ya bluu, mbu wa mwezi wa Juni wakiwasindikiza. Isser hakuwahisi. Mlangoni watu walimkumbatia, maana walikuwa hawajamwona tangu kabla ya Pasaka. Walimuuliza hali ya nyonga, yeye akawauliza kama wamelala vizuri, kwani leo si siku ya kusinzia. Profesa Gershon, mrefu, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, alimpa mkono.

"Isser, nasikia leo tuko mikononi mwako. Nimekunywa chai ya kutosha."

"Umefanya vizuri, Profesa. Utahitaji nguvu."

Isser akakaa benchi la tatu kando ya Bryna, shali ya sala mabegani, moyo ukimdunda kama nyundo ya kupigia misumari midogo. Sala za asubuhi zilipita, hakujua zilipita vipi. Sanduku la kutunzia gombo likafunguliwa, gombo likatolewa, likazungushwa kati ya watu, likalazwa mezani na kuvuliwa joho lake. Lazar akawatangazia watu wenye vitabu mabenchini, "Ukurasa wa mia nane na arobaini."

Isser akatabasamu. Lazar masikini, miwani zote mbili na bado hasomi vizuri. Kora alikuwa ukurasa wa mia nane na sitini. Ukurasa huo Isser aliujua kama anwani ya nyumba yake. Alingoja Lazar ajisahihishe. Lazar hakujisahihisha. Basi Isser, kwa nia njema kabisa na kwa fahari kidogo, akainuka na fimbo yake, akapanda ngazi tatu za jukwaa mbele ya macho ya watu wote, akainama sikioni mwa Lazar.

"Umewarudisha watu nyuma, ndugu yangu. Wiki hii ni Kora."

"Isser, kakae."

"Nakusaidia. Nimelisoma wiki nzima."

"Gombo limekunjwa tangu Alhamisi mahali pake. Wiki hii ni wapelelezi. Kora ni wiki ijayo."

"Mimi na Tali tumelisoma mstari kwa mstari."

"Tali yupi?"

"Mjukuu wangu."

"Yule wa wapi?"

"Wa Haifa," Isser akasema, na neno lilipotoka mdomoni akalisikia kwa mara ya kwanza.

Lazar alifumba macho. Hakuhitaji kueleza. Jambo hili alilijua kila mtu aliyezeeka kwenye mabenchi yale, na Isser alilijua kuliko wengi. Kule Israeli Pasaka ni siku saba, huku kwetu ni nane. Siku hiyo ya nane ikiangukia Sabato, sisi tunasoma habari za sikukuu, na wao wanaendelea na safari ya Torati. Basi wao wanatangulia wiki moja, na sisi tunawafuata nyuma hadi katikati ya majira ya joto ndipo tunawafikia. Mwaka huu ilikuwa hivyo. Isser, kitandani na nyonga yake, alikuwa amepanda gari la watu wengine bila kujua.

"Niambie haraka," Lazar akanong'ona. "Nimwambie Gershon? Yeye hahitaji kujitayarisha. Hakuna atakayekulaumu, umetoka kuugua."

Isser aliangalia chini. Profesa alikuwa benchi la mbele, mguu mmoja juu ya mwingine, anatazama saa yake.

"Mwache Gershon akae," akasema.

Alishuka ngazi tatu, na kila ngazi aliihesabu kuwa ya kwenda shimoni. Bryna akamsogelea.

"Nini?"

"Nimeandika fungu la wiki ijayo."

Bryna aliirekebisha kofia yake. "Nilikuomba unisomee."

"Si sasa, Bryna."

"Na acha kutikisa huo mguu, una nyonga mpya."

Kusoma kukaanza. Watu saba waliitwa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeitwa alimeza sehemu ya muda aliokuwa nao Isser. Hakuweza kuandika, ni Sabato. Hakuweza kumpigia Tali, ni Sabato. Kurasa zake tisa zilikuwa ndani ya mtoto wa meza, hatua kumi kutoka alipo, na zilikuwa na faida sawa na tiketi ya treni iliyokwisha kuondoka. Au tuseme, ya treni ambayo haijafika. Hapo akacheka kidogo peke yake. Bryna akamtazama kwa hofu.

Alijilazimisha kusikiliza. Musa anawatuma watu kumi na wawili wakaione nchi ya Kanaani. Wanarudi na kishada cha zabibu kikubwa hata kinabebwa kwa mti mabegani mwa watu wawili. Kumi kati yao wanasema nchi ni nzuri, lakini watu wake ni majitu, na sisi mbele yao tulijiona kama panzi. Hilo la panzi Isser alilisikia kana kwamba ameitwa kwa jina. Miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa benchi la tatu, panzi mwenye cheti.

Kisha gombo likainuliwa juu, limefunguliwa, watu wote walione. Isser aliinua macho kama wengine. Pale juu, katika safu za mwandiko mweusi, mwisho wa fungu la leo na mwanzo wa Kora vilikuwa vimesimama jirani kwenye ngozi moja, bila ukuta kati yao. Aliviangalia hadi gombo likashushwa.

Ndipo daktari wa macho akasimama kusoma sehemu ya Manabii inayofuatana na fungu hilo: Yoshua anatuma wapelelezi wawili Yeriko, mwanamke aitwaye Rahabu anawaficha, na usiku anawateremsha kwa kamba kupitia dirishani.

Dirishani. Isser Plotkin alikaa wima. Alikuwa amelisikia somo hilo kila mwaka wa maisha yake, na kila mwaka lilikuwa na dirisha, na hakuna hata mmoja kati ya wasemaji wote wale aliyewahi kulizungumzia dirisha. Mguu wake ulianza tena kutikisika, na safari hii Bryna aliuacha.

Lazar akamwita jina. Isser alipanda, akaegemeza fimbo, akafungua mtoto wa meza, akaitoa bahasha, akaiweka juu ya meza bila kuifungua.

"Marafiki," akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "katika bahasha hii kuna kurasa tisa juu ya Kora. Nilisoma na mjukuu wangu wa Haifa, na mnajua wao wako wapi mwaka huu. Kwa hiyo wengine hapa wametoka nyumbani asubuhi hii. Mimi nimetoka wiki ijayo."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama upepo kwenye ngano. Hata Lazar alishusha miwani ya utosini ili amwone vizuri.

"Nimekwenda kabla yenu nikaiona nchi, nimerudi. Nimekuwa mpelelezi. Na mpelelezi anaulizwa swali moja tu: umeona nini? Basi ngojeni niwaulize mimi. Usiku, taa inawaka ndani, nje giza. Ukitazama dirishani unaona nini?"

"Vyombo ambavyo hujaviosha," Bryna akasema kutoka benchi la tatu.

Safari hii walicheka hadi mtu mmoja akakohoa. Isser alingoja watulie. Hakujua kwamba anajua kungoja.

"Mke wangu amejibu sawasawa. Unaona jikoni kwako. Unajiona mwenyewe. Miaka thelathini na minane watu walinipigia simu: Bwana Plotkin, kioo ulichotia ni kibovu, jioni hakionyeshi bustani, kinanionyesha uso wangu. Nami nikawaambia, mama, kioo ni kizima, zima taa ya ndani. Wanazima, na bustani iko palepale. Wale watu kumi walisimama mbele ya dirisha la nchi nzuri, na taa ya ndani inawaka kwelikweli. Wakaona panzi. Hao panzi hawakuwa Kanaani. Walikuwa kwenye kioo. Kalebu na Yoshua, wale wawili waliosema twendeni, hawakuwa na macho mazuri kuliko wenzao. Walizima taa."

"Samahani," ikasema sauti kutoka benchi la mbele. Watu waliguna; katika sinagogi ile mzungumzaji kukatizwa ni jambo la kawaida, lakini sauti hii waliijua. Profesa Gershon alikuwa ameinua kidole. "Kwa ajili ya ukweli wa historia. Wakati wa Musa hapakuwa na madirisha ya vioo."

Isser alimtazama, na ajabu ni kwamba hakumwona mkubwa.

"Profesa, umekaa hapo miaka mingapi?"

"Arobaini."

"Upande wako wa kulia kuna dirisha. Miaka yote hiyo, ukichoka kutusikiliza, unatazama nini?"

Profesa aligeuka kulia. "Ule mti."

"Kioo hujakiona?"

"Sasa umesema, nakiona."

"Miaka arobaini hujakiona. Basi kazi yangu niliifanya vizuri."

Hakuna aliyejua nani alianza kupiga kofi kwenye ubao wa benchi, jambo ambalo si la heshima sana siku ya Sabato, lakini lilienea. Isser aliendelea. Alisema kwamba wapelelezi wawili wa Yeriko hawakusimama wakajitazama, wao dirisha walilitumia, wakapita. Alisema kwamba gombo lilipoinuliwa leo, wiki hii na wiki ijayo zilikuwa bega kwa bega kwenye ngozi moja, na kwamba mtu anayesema amechelewa au amewahi huenda ameangalia safu moja tu. Hilo la mwisho hakulifafanua vizuri, alijikanganya katikati, akaliacha. Alimaliza kwa dakika kumi na moja. Aliposhuka, ngazi zilikuwa tatu, na alizishuka bila kuzihesabu, na fimbo aliisahau jukwaani.

Baada ya ibada walikusanyika ukumbi wa chini, kwenye meza za samaki wa siki, keki ya asali na vikombe vidogo vya wiski. Isser hakuweza kula. Kila alipotaka kuweka kipande mdomoni alikuta mtu anamshika mkono. Mama mmoja alimwambia kwamba leo jioni atazima taa yake ya jikoni aone.

Lazar alifika na fimbo kwenye mkono mmoja na kadi za zamu, moja kwa kila msemaji, kwenye mwingine. "Fimbo yako hii. Na sasa tuzungumze mambo ya kazi. Hizo kurasa tisa utazifanyia nini?"

"Wiki ijayo ni zamu yangu," Profesa Gershon akasema nyuma yao. Alikuwa na kikombe mkononi. "Juu ya Kora. Nimeshaanza kufikiria."

Isser alimgeukia. Kwa kitambo alidhani furaha yake inakaribia kuchukuliwa.

"Lakini huyu bwana ametoka huko juzi," Gershon akaendelea. "Mimi nitazungumza kwa kubahatisha. Mpe yeye, Lazar."

Lazar hakuweza kuandika, kwa kuwa ni Sabato. Alitafuta kadi ya Gershon, akaigeuza, akatafuta kadi tupu itakayokuwa ya Isser, akakunja pembe yake ya juu kwa ukucha, taratibu, kama anavyofanya kila anapotaka kukumbuka kitu hadi Jumapili. Isser aliifuata ile pembe kwa macho. Ilikuwa ndogo kama jino la mtoto.

"Jambo moja zaidi," Isser akasema, na akakunywa wiski yake kwanza. "Ukurasa wa nne nitaupunguza, Profesa."

"Ukurasa wa nne una nini?"

"Wewe."

Bryna aliweka sahani chini. Lazar alipandisha miwani moja, akashusha nyingine. Gershon alivuta ndevu zake, akafikiri.

"Ni mrefu?"

"Nusu ukurasa."

"Nusu tu," Gershon akasema, na ilionekana wazi kwamba ameumia kidogo. "Katika kurasa tisa." Akammiminia Isser kikombe cha pili. "Usiupunguze. Nitakaa palepale mbele, upande wa dirisha."